Kwa nini sumaku haielei bila kijiti katikati?

Shika sumaku moja juu ya nyingine, ncha zinazofanana zikitazamana, kisha iachie ya juu hewani. Haitulii: inateleza pembeni, inapinduka na kuinasa ya chini. Hesabu za Mwingereza Samuel Earnshaw za mwaka 1842 zinaonyesha kwamba sumaku za kudumu pekee haziwezi kuifanya nyingine ielee na kutulia pande zote. Ikitulia juu na chini, itakimbilia kando. Kwa hiyo katika mradi wa shule wa sumaku zinazoelea, sumaku hubeba uzito, na kijiti huzuia kuteleza.

Tafuta sumaku nne nyeusi za feraiti (aina ya kauri yenye chuma) zenye umbo la pete na tundu la milimita 10, kijiti cha mbao cha milimita 8 chenye urefu wa sentimita 20, na ubao wa kukisimamishia. Usitumie msumari wala waya wa chuma, sumaku zitaung'ang'ania. Toboa ubao, paka gundi, simamisha kijiti wima kabisa. Kikiinama, pete zitakigusa na msuguano utaharibu vipimo. Tundu likiwa pana mno, pete italala upande na kunasa.

Wengi hukosea ncha. Zipange pete zote zikiwa zimeshikana, weka alama ya maka upande wa juu wa kila moja, ndipo uzitenganishe. Kwenye kijiti, ya kwanza alama iangalie juu, ya pili chini, ya tatu juu, ya nne chini. Zote zitasukumana. Ziteremshe polepole, maana feraiti ikigongana hupasuka.

Sasa tazama nafasi kati ya pete: ya chini kabisa ndiyo nyembamba zaidi, kwa sababu inabeba uzito wa pete tatu. Pima kwa rula ya plastiki. Kisha acha pete mbili tu, ongeza plastisini (udongo laini wa kufinyangia) gramu 10 kwa 10 juu ya ile inayoelea, na uchore grafu. Mstari hautanyooka: kani hukua haraka sana nafasi inapopungua.

Jambo linalowashangaza wengi: ukiweka kifaa chote juu ya mizani (tanguliza kitabu kinene ili sumaku isiisumbue), uzito haupungui hata pete zikielea. Kila pete inaisukuma ya chini yake kwa kani ileile inayoibeba.

Treni ya Shanghai, China, inayoelea kwa sumaku na iliyowahi kubeba abiria kwa kasi ya hadi kilomita 431 kwa saa, haina kijiti. Inatumia sumaku za umeme, na vihisi hupima nafasi ya takriban milimita 10 kati ya sumaku na reli, na mkondo wa umeme hurekebishwa bila kukoma.