Picha Kwenye Wavu, Mtu Nyuma Yake: Dhana Potofu Kuhusu Maigizo ya Projekta na Kamera

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba jioni unakwenda kuangalia mchezo wa kuigiza wenye projekta, kamera na mwigizaji anayehangaika na swali la yeye ni nani, majibu ni yaleyale: mambo ya Wazungu hayo, video tu hiyo, halafu wala hakieleweki kitu. Yananiuma, maana yanawanyima watu sanaa inayowahusu kuliko wanavyodhani.

"Mambo ya Wazungu"

Vifaa, ndiyo, vilipanda jukwaani huko Ulaya. Erwin Piscator alirusha filamu ndani ya tamthilia mjini Berlin tangu miaka ya 1920. Mwaka 1958 Alfréd Radok na Josef Svoboda wa Chekoslovakia walipeleka Brussels onyesho la Laterna Magika, ambamo wachezaji walio hai walicheza pamoja na wachezaji wa kwenye filamu.

Lakini swali la nijitokezeje mbele za watu, Dar imelicheza barabarani zamani. Katika beni, ngoma ya enzi za ukoloni iliyoiga gwaride la kijeshi, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na gwaride. Mtu aliyetumwatumwa kutwa nzima, akiingia kwenye ngoma ni afisa, anapigiwa saluti. Kwangu mimi huko ni kujichagulia sura ambayo bwana mkubwa wa mchana asingempa kamwe. Mwaka 1971 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya *Mashetani*, inayoanza na vijana wawili, Juma na Kitaru, wakiigiza mmoja shetani na mwingine binadamu. Mchezo huo unamfuata Kitaru hadi nyumbani na kumsumbua. Na kuhusu kuchanganya sanaa, waliokwenda kuangalia vikundi kama Muungano na TOT wanakumbuka ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu, vyote usiku mmoja.

"Video tu, mwigizaji pambo"

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Chukua wavu mwepesi mweupe, kitambaa cha neti kinachopatikana Kariakoo, uutandaze mbele ya jukwaa. Ukiupiga mwanga kwa mbele huku nyuma kukiwa giza, unabeba picha kama ukuta. Punguza mwanga wa mbele, washa taa ya nyuma, ukuta unayeyuka na unamwona mtu aliyekuwapo muda wote. Sasa fikiria dada amekaa nyuma ya wavu huo na simu mkononi. Mbele, uso wake una urefu wa mita mbili, umelainishwa na filta, unatabasamu. Taa inabadilika: jasho shingoni, mdomo umechoka, tabasamu halipo. Video peke yake haiwezi kukupa hayo, kwa sababu unahitaji mwili ulio hai ili upime picha.

Kuna na kuchelewa kwa picha. Kamera ikirusha moja kwa moja, midomo ya kwenye skrini huja nyuma kidogo ya midomo ya mtu. Mafundi wengi huona ni kasoro ya kurekebishwa. Mwongozaji mzuri wakati mwingine anauacha mwanya huo, na ndani yake mtazamaji anajiuliza nani anamfuata nani.

"Bila mamilioni haiwezekani"

Inatosha projekta moja, kompyuta mpakato, simu kama kamera na waya mrefu badala ya kutegemea waifai. Weka na betri ya akiba, umeme ukikatika usiaibike. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, kina studio za makontena, na sanaa inafanyika humo. Kinachogharimu kweli ni mazoezi. Mwigizaji akikosea hatua moja, jicho la picha inayorushwa mwilini mwake linamwangukia begani badala ya usoni, na tukio zima limekufa.

"Anajianika maisha yake"

Mwigizaji akisema "mimi" na kuonyesha meseji kwenye skrini, wengi huamini wanasoma simu yake. Hata pale kisa kinapotoka kwake, kimechaguliwa, kimekatwa, kimepangwa.

Ndani ya dhana hii kuna nyingine, kwamba chini ya sura zote ipo moja ya kweli na zilizobaki ni unafiki. Mwanasosholojia Erving Goffman, kwenye kitabu chake cha miaka ya 1950, alieleza maisha ya kila siku kwa lugha ya jukwaa: kuna mbele ya watu na kuna nyuma ya pazia. Mpe mwigizaji simu tatu mfululizo. "Shikamoo mama, huku tunaendelea vizuri." "Ndiyo bosi, naileta leo leo." "Oya mwanangu, niaje, niazime elfu kumi." Sauti inashuka, mgongo unanyooka, mguu unapanda kwenye kiti. Yupi kati yao ni muongo? Kwa maoni yangu hakuna. Anayetaka wawili wavuliwe ili abaki mmoja anadai kitu ambacho hata yeye hawezi kukifanya.

"Mtazamaji yuko salama kitini"

Si lazima. Baadhi ya maonyesho hupiga picha wageni mlangoni na kuzirusha kwenye skrini katikati ya mchezo. Ninaipenda mbinu hiyo, ila kwa ridhaa tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiombwa uso wako pale mlangoni, uliza utatumika wapi na utafutwa lini. Jibu lisipokuridhisha, kataa picha, uingie ukaangalie mchezo.