"Stahamili, mwanangu": filamu ya Kijapani mbele ya watoto viziwi wa Pemba

Giza ndilo lililonitia taabuni kwanza. Ukitaka kuwaonesha watoto filamu darasani unafunga madirisha, unatundika shuka nyeupe ukutani, basi. Lakini nusu ya watazamaji wangu ni viziwi, na kiziwi akiwa gizani haoni mikono ya anayemfasiria. Tukaacha dirisha moja wazi, nikasimama pale penye mwanga, picha ikafifia kidogo, na watoto wa darasa la tano na la sita wakakaa mkekani: viziwi upande wa dirisha, wenziwao popote walipopata nafasi.

Nafundisha watoto viziwi hapa Pemba. Kwenye karatasi kazi yangu ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Siku kwa siku ni kusafisha mashine za masikio, zile za kumsaidia mtoto kusikia, na kuamua ugomvi. Filamu niliyoichagua ni ya katuni, Koe no Katachi, yaani "umbo la sauti", ambayo kwa Kiingereza inaitwa A Silent Voice. Ilitoka 2016, imeongozwa na Naoko Yamada katika studio ya Kyoto Animation, kutokana na hadithi ya picha ya Yoshitoki Oima. Ni ndefu, inapita saa mbili, nasi tuliigawa siku mbili. Nusu ya pili ina sehemu zinazogusa kujiua. Hizo niliziruka, na mwalimu mwenzangu atakayetaka kuionesha naomba aitazame kwanza peke yake hadi mwisho.

Kisa kinaanza na msichana kiziwi, Shoko Nishimiya, kuhamia darasa la sita la akina Shoya Ishida. Anajitambulisha kwa daftari: mkitaka kusema nami, niandikieni humu. Siku za mwanzo wanamuandikia. Kisha wanachoka, halafu Shoya anagundua kwamba kumchezea shere huyu mgeni kunawachekesha wenzake. Anampigia ukelele nyuma ya sikio. Anamtupia daftari majini. Anamvua mashine na kuzitupa, na siku moja anaivuta kwa nguvu mpaka sikio linatoka damu. Hesabu inayotajwa mbele ya darasa ni mashine nane ndani ya miezi mitano.

Kwenye ule ukelele, watoto wanaosikia walicheka. Sikuwalaumu, maana filamu yenyewe imepangwa ucheke kabla hujajijua unacheka nini. Upande wa dirisha hakucheka mtu. Mvulana mmoja kiziwi aligeuka, akaacha kuitazama filamu, akawa anawatazama waliocheka, mmoja mmoja, kama anayehesabu.

Hapa nilisimamisha, kwa sababu watu wengi hawajui ile mashine ni kitu gani. Vitabuni inaitwa shime sikio. Ina kipaza sauti kidogo nyuma ya sikio, kimpira chembamba, na kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la tundu la sikio la mtoto yule na si la mwingine. Kizibo kinashika barabara, ndiyo maana ukikivuta ghafla kinachubua. Mtoto akikua kinalegea, sauti inavuja na mashine inapiga mluzi, na mluzi huo ndio wa kwanza kuchekwa. Kisiwani kwetu joto na unyevu navyo vina kazi yao: asubuhi unakuta tone la maji limekaa ndani ya kimpira, mtoto haambulii kitu na mwalimu anadhani ni mtukutu. Wasichana wanavaa mtandio juu yake. Unaificha, alhamdulillahi, lakini nguo inasugua kipaza sauti siku nzima, na mtoto anasikia mkwaruzo wa kitambaa kuliko maneno ya mwalimu.

Jambo ambalo wazazi hunibishia sana ni kwamba mashine inaongeza ukubwa wa sauti tu, haileti uwazi. Kelele za viti, feni na wenzake zinaingia pamoja na maneno. Mtunzi wa muziki wa filamu hii, Kensuke Ushio, aliweka maikrofoni ndani ya piano ili zinaswe na kelele za nyundo na mbao zake, si noti peke yake. Mimi nikiusikiliza muziki ule naona umekaribia yale ninayojaribu kuwaeleza wazazi kila mwaka bila kufanikiwa. Na msiniambie "asome midomo". Jitazame kwenye kioo useme baba, mama, papa bila sauti. Midomo inafanya jambo lile lile mara tatu.

Sehemu ya watu wazima ni fupi, nami ndiyo iliyoniuma. Mwalimu mmoja anakuja na pendekezo kwamba darasa lijifunze lugha ya alama kidogo kidogo kila asubuhi. Msichana mmoja anasema ni usumbufu, kuandika ni rahisi zaidi. Mwingine, Sahara, ananyoosha mkono kwamba yuko tayari, na kwa kunyoosha mkono huo anaandamwa mpaka anaacha kuja skuli. Mwalimu wa darasa anayaona yote, hasemi kitu. Mashine zikishageuka kuwa kesi na mkuu wa skuli akaja darasani, ndipo anampigia Shoya kelele mbele ya wote, na wale wale waliokuwa wakicheka naye wanamnyooshea kidole. Kuanzia hapo anayeonewa ni Shoya.

Shoko muda wote huo anaomba radhi. Anachokozwa, anaomba radhi. Anavuliwa mashine, anaomba radhi.

Mwaka wangu wa pili kazini alinijia msichana analia. Wenziwe walikuwa wamemvuta mtandio ili waione mashine. Nilimkalisha, nikamwambia kwa alama na kwa mdomo: stahamili, mwanangu, watachoka. Niliona nimemaliza. Wiki iliyofuata mashine ilipatikana ndani ya ndoo ya maji ya kunawia. Nilimuuliza kwa nini hakuja kunambia kwamba bado wanamuandama. Hakunijibu, jibu langu alikuwa nalo tayari.

Tangu hapo neno hilo linanikwama. Kwenye semina tunaambiwa tuwafundishe watoto ustahamilivu, na wanaotuambia wana nia njema. Lakini kwa Kiswahili chetu anayestahamili ni mwenye maumivu. Mtu hustahamili njaa, hustahamili ugonjwa, hustahamili mume mkorofi. Ukimwambia mtoto anayesikia "wastahamili viziwi", umemwambia kwamba mwenzake ni maradhi. Ukimwambia kiziwi, umempa mzigo wa waliomtenda. Shoya wa miaka ya baadaye, kijana wa sekondari aliyejitenga na watu, hajamstahamili Shoko hata kidogo. Alichofanya ni kujifunza lugha yake, kisha akaenda kumrudishia daftari. Filamu haimsafishi kwa hilo. Bado kuna watu hawezi kuwatazama usoni, na Yamada amewachora na alama kubwa ya X juu ya nyuso zao.

Kuna pahala pamoja nitapakumbuka. Shoko, mkubwa sasa, anaamua kumwambia Shoya kwamba anampenda, tena anataka kulitamka neno kwa sauti yake badala ya mikono. Kijapani ni "suki". Shoya anasikia "tsuki", mwezi. Anatazama juu na kukubali kwamba kweli mwezi ni mzuri. Watoto wanaosikia waliona ni kichekesho cha mapenzi, wakaanza kusukumana. Viziwi walikwishajua kilichotokea kabla sijamaliza kufasiri. Sauti kama "s" ni nyembamba na ya juu, na kwa viziwi wengi ndiyo inayopotea mapema, na isiyosikika haitamkiki vyema. Msichana mmoja wa darasa la tano akanambia kwa alama kwamba dukani akiagiza sukari anaandika kwenye kiganja, kwa sababu mara ya mwisho alipoisema alipewa kitu kingine na watu wakacheka.

Maswali yao mengine yalikuwa ya kazi zaidi. Mashine nane alilipa nani? (Mama yake Shoya, na Shoya akafanya vibarua ili amrudishie.) Mbona alama zao si zetu? Hilo lilichukua nusu saa, maana wengi walidhani lugha ya alama ni moja duniani kote, wakati ile ni ya Kijapani na hii ni ya Tanzania, kila moja na sarufi yake.

Kesho yake wakati wa mapumziko nilikuta wavulana watatu wanaosikia wamesimama chini ya muembe, wanafanya ile alama ya Kijapani ya rafiki: mikono miwili inashikana. Wanamfanyia yule msichana wa sukari. Akawatazama, akatikisa kichwa, akaweka chini mfuko wake wa ubuyu, akaishika mikono ya mmoja wao na kuipanga upya.