Tweng haileti flo

Kijana wa tatu mwezi huu. Kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi akaniambia, "Prodyusa, hii nitarap na tweng, ndio flo iingie." Tweng ni lafudhi ya kuazima, hasa ile ya Kimarekani. Dakika tano nyuma alikuwa akinilalamikia nauli ya Kayole kwa sauti yake ya nyumbani, na malalamiko yale yalikuwa na flo kuliko vesi yote aliyoileta.

Flo ni mahali silabi inapoangukia kwenye biti. Mmarekani humeza silabi zisizo na mkazo, ndiyo maana anasukuma maneno mengi kwenye baa moja, yaani kipande kimoja cha biti, na bado neno zito linakutana na snea, ile ngoma ya mlio mkali. Kiswahili hakimezi kitu. Kila silabi inadai kiti chake, na mkazo kwa kawaida unakaa kwenye ile ya pili kutoka mwisho. Ukianza kukunja ulimi kwa Kimarekani, mkazo unaweza kuhama na maana ikaenda nao: "barabara" ukiikazia silabi ya tatu ni njia ya magari, ukiikazia ya pili ni sawasawa. Halafu unaniuliza mbona biti yangu inakukimbia!

Baa ya mapigo manne, ukiligawa kila pigo mara nne, ina nafasi 16. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16. Sisemi ni mpango wa Mungu, ila aliyehesabu mizani ya tarbia shuleni ameshafanya nusu ya kazi. Na marapa wetu Gidi Gidi Maji Maji, kwenye "Unbwogable" ya mwaka 2002, walichanganya Dholuo na Kiingereza bila kuficha walikotoka, nchi nzima ikaimba nao.

Mengine ninayoambiwa studio nayapitia mbio. Eti lafudhi itanyooshwa kwenye miksi: autotune hunyoosha noti, haigusi mkazo. Eti hip hop ni ya Wamarekani tupu: DJ Kool Herc, aliyepiga ile pati ya Bronx, New York, mwaka 1973 inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, alizaliwa Kingston, Jamaika. Eti kila mwenye lafudhi ya ng'ambo anaigiza: wengine wamekulia huko, na ulimi hufuata mwenyewe. Rapa Slick Rick alihama London kwenda New York akiwa mtoto na Uingereza ikabaki mdomoni mwake hadi leo. Eti Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, ndiyo cheti cha uhalisi: kijana wa Lavington kwa matajiri aliyeazima Sheng ya mtaani Dandora wiki jana naye ana tweng, ni vile tu imepanda matatu.

Dawa yangu ni moja, na wateja wameichoka. Zima biti, piga makofi, sema mistari yako kama unayebishana na kondakta aliyekalia chenji yako. Penye hasira ndipo penye mkazo. Hapo ndipo snea ikae.

Yule kijana nilimfanyisha hivyo, akamaliza vesi kwa teki mbili. Akavua hedifoni, akatabasamu, akaniuliza kama kwenye kiitikio tunaweza kuweka tweng kidogo tu. Nikamwambia saa yake imeisha.