Limitour: mpaka ni wa eneo, si wa mtu

Nimesahihisha tena tafsiri ya Hadithi za Canterbury za Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14. Humo mtawa Huberd anaitwa limitour, na mtafsiri kamwita "mtawa mwenye mipaka". Nimechoka. Mtu kaona limit mwanzoni mwa neno, kakimbilia mpaka, basi.

Limitour wa Uingereza ya karne ya 14 ni mtawa ombaomba aliyekabidhiwa eneo la kuombea. Nyumba ya watawa iligawa vijiji vilivyoizunguka, kila kipande kikawa na mtu wake. Huberd mwenyewe hana mpaka hata mmoja: anavijua vilabu vya pombe vya kila mji, na kofia ya joho lake imejaa visu na pini za kuwapa wake za watu.

Wala msimwite mmonaki. Mmonaki yuko abasia, kama Wabenedikto wa Peramiho. Wafransisko, Wadominiko, Wakarmeli na Waaugustino walitoka kwenda kuomba. Hilo mnalijua.

Kinachoniuma ni kwamba neno likipotoshwa, shutuma nzima ya Chaucer inapotea. Kanuni ya Fransisko ya 1223 inawakataza ndugu zake kupokea fedha. Chaucer hasemi Huberd ni wa shirika lipi, ila anatuonyesha akibisha kwa mjane asiye hata na kiatu, anamsomea In principio, yaani "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", na haondoki bila robo peni. Sasa fikirini: mlango ule uko ndani ya eneo la Huberd. Ombaomba wa barabarani unaweza kumpita usimwone tena. Huyu atarudi, na mjane hana pa kuhamia.

Hengwrt, mojawapo ya hati za kale za shairi hili zilizoandikwa kwa mkono, ina mistari miwili ambayo hati nyingine, Ellesmere, haina: kwamba Huberd alilipia eneo lake, na ndugu mwingine asikanyage humo. Neno lililotumika ni ferme, malipo ya kiasi kilichopangwa ya mtu anayekodi chanzo cha mapato. Je, Chaucer aliikata mwenyewe baadaye, au haikuwa yake kabisa? Nimebadili msimamo mara mbili. Leo naamini ni yake, kwa sababu ferme inamweka mtawa mahali pale pale limitour inapomweka: mtu aliyekodi umaskini wa wengine ili auvune.

Kwa sasa naandika "mtawa mwenye eneo la kuombea". Ni ndefu, inavunja mizani ya mstari kila nikiiweka. Lakini "ombaomba" peke yake silipokei tena.