Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa tundu dogo: maswali ya wagonjwa na majibu yake

Mtoto wa jicho ni utando unaoota juu ya jicho?

Hapana. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea katikati ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto wa jicho uko ndani. Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu, upana wake kama milimita 9 au 10 na unene unaokaribia milimita 4 au zaidi kidogo. Lenzi hiyo imejaa maji na protini zilizopangika vizuri, ndiyo maana mwanga hupita bila kizuizi. Miaka ikisonga, protini hizo huvurugika na kugandana, na lenzi huanza kuingia ukungu. Kisukari, sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huharakisha mambo. Wapo pia watoto wanaozaliwa nao, na hao hawapaswi kusubiri hata kidogo, kwa sababu ubongo wa mtoto usipopokea picha safi mapema hushindwa kujifunza kuona.

Kwa mtu mzima ugonjwa huja taratibu. Taa za magari usiku hutawanyika, miwani mipya haisaidii, rangi hufifia. Hauumi. Jicho likiuma ghafla au likiwa jekundu, usiseme tu "ni ule mtoto wa jicho". Wahi kwa daktari.

Hakuna matone ya kuuyeyusha?

Hakuna. Matone yanayouzwa kwa ahadi hiyo ni kupoteza pesa, na baya zaidi ni kupoteza muda. Tiba ni upasuaji.

Tundu dogo ni dogo kiasi gani, na lenzi pana hivyo inatokaje?

Katika upasuaji wa zamani daktari alipasua jicho kwa milimita 10 hadi 12, akaitoa lenzi ikiwa nzima au kiini chake kizima, kisha akashona. Leo, kwa njia ambayo madaktari wa macho huiita fako, tundu lina milimita 2 hadi 3 tu.

Siri ni kwamba lenzi haitoki nzima. Lenzi imo ndani ya kifuko chembamba sana. Daktari huchana duara la kama milimita 5 kwenye ukuta wa mbele wa kifuko hicho, kwa mkono, akitazama kupitia hadubini. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wa upasuaji wote ulipo, kwa sababu mchano ukikimbilia pembeni kazi nzima huharibika. Kisha huingiza kijisindano chenye uwazi katikati, ambacho ncha yake hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde kwa nguvu ya mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia. Mtetemo huo huivunjavunja lenzi, na kijisindano hichohicho hufyonza vipande huku maji maalumu yakiingia kujaza nafasi ili jicho lisinywee.

Aliyebuni njia hii ni Charles Kelman, daktari wa macho wa New York, mnamo 1967. Wazo alilipata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa kwa kifaa kinachotetemeka namna hiyo.

Na lenzi mpya inapitaje kwenye tundu hilo?

Huingia ikiwa imekunjwa. Lenzi nyingi za leo ni za akriliki laini, aina ya plastiki. Huviringishwa ndani ya mrija mwembamba, husukumwa hadi ndani ya kifuko kilichobaki, kisha hujikunjua taratibu kwa sekunde chache na kushika nafasi yake. Haichakai na haibadilishwi kila baada ya miaka fulani.

Wazo la kuweka lenzi ya bandia lilianzia London, kwa Harold Ridley, aliyeweka ya kwanza mwaka 1949. Alikuwa amewatibu marubani wa vita waliobaki na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege ndani ya macho, akagundua kuwa jicho huvivumilia vipande hivyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

Udogo wa tundu unanisaidia nini mimi mgonjwa?

Mengi. Jicho lililofunguliwa kwa upana hulegea katikati ya upasuaji, na hapo ndipo mambo huweza kwenda mrama. Tundu dogo huacha shinikizo la ndani likiwa tulivu muda wote. Pili, jeraha refu lenye nyuzi huvuta konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na kuipinda. Mgonjwa huishia kuona picha zilizovutwa upande mmoja. Tundu la fako hukatwa kwa mshazari, hivyo shinikizo la jicho lenyewe hulibana na kulifunga, kwa kawaida bila uzi hata mmoja. Wengi hurudi nyumbani siku ileile na kuona vizuri zaidi ndani ya siku chache.

Lakini tundu dogo halimaanishi upasuaji mdogo. Kinachofanyika humo ndani ni kazi nzito.

Nimeambiwa nisubiri hadi ukomae. Ni kweli?

Huo ni ushauri wa enzi za jeraha kubwa. Wakati ule upasuaji ulikuwa na hatari zaidi na mgonjwa alibaki na miwani mizito, kwa hiyo ilikuwa busara kungoja hadi mtu asione karibu chochote. Leo kusubiri kunaweza kukugharimu. Lenzi iliyokomaa huwa ngumu. Kuivunja kunahitaji nguvu kubwa zaidi ya mtetemo, na nguvu hiyo huumiza chembe za upande wa ndani wa konea, ambazo zikifa hazioti nyingine. Iliyopitiliza inaweza kuvimba au kuvuja na kupandisha presha ya jicho, hali inayoweza kuua mshipa wa kuonea.

Kwa upande mwingine, si lazima ukimbilie upasuaji siku unapoambiwa una ukungu kidogo. Swali linalofaa ni hili: je, unazuiwa kufanya jambo unalolihitaji, kusoma, kuendesha gari, kushona, kushuka ngazi bila woga? Kama jibu ni ndiyo, wakati umefika.

Hospitali haina mashine ya fako, wanafanya kwa mkono. Nikatae?

Usikatae kwa sababu hiyo peke yake. Ipo njia ya mkono yenye tundu la kama milimita 6 au 7, linalochimbwa kama handaki kwenye weupe wa jicho na kujifunga lenyewe bila nyuzi. Utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulizilinganisha njia hizi mbili, na zote zilitoa matokeo mazuri. Ya mkono ilichukua muda mfupi zaidi na gharama ndogo. Kwa lenzi ngumu sana wapo wapasuaji wanaoipendelea. Mkono uliozoea kazi una thamani kuliko mashine mpya.

Na leza je? Wengi hudhani huondoa kila kitu. Leza husaidia kukata tundu, kuchana kifuko na kuikata lenzi awali. Baada ya hapo kwa kawaida mtetemo uleule hutumika. Bei hupanda, ila tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba wagonjwa wake huona vizuri zaidi.

Nitaumia? Na nikifumba jicho katikati?

Huwezi kufumba, kuna kibanio kidogo kinachoshika kope. Ganzi huwa ya matone au ya sindano kando ya jicho, nawe unabaki macho. Huoni kisu kikija. Unaona mwanga mkali unaogeukageuka rangi, unahisi maji yakitiririka kuelekea sikioni, unasikia mashine ikibadilisha mlio. Watu wengi husema wamegandamizwa kidogo, si kuumizwa. Mara nyingi huisha ndani ya nusu saa. Kama una kikohozi au huwezi kulala chali, sema mapema. Sema pia kama umewahi kutumia tamsulosini, dawa ya tezi dume, kwa kuwa hulegeza misuli ya mboni hata baada ya kuiacha, na daktari akijua hujiandaa.

Nitaacha miwani?

Inategemea lenzi. Kabla ya upasuaji hupimwa urefu wa jicho na mpindo wa konea ili kuchagua nguvu yake. Lenzi ya kawaida hulenga umbali mmoja. Ukichagua mbali, miwani ya kusomea utaihitaji. Zipo za umbali zaidi ya mmoja, lakini baadhi ya watu huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Dereva wa usiku afikirie mara mbili.

Usishangae rangi ya bluu ikikujia kali. Lenzi ya zamani ilikuwa imegeuka njano na kuizuia.

Kuna hatari gani, na nirudi lini haraka?

Wengi hupona bila tatizo. Kifuko kinaweza kuchanika, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kubanduka, na vijidudu vinaweza kuingia ndani ya jicho. Hili la mwisho ni nadra, ila linaweza kupofusha. Kwa hiyo tumia matone kama ulivyoandikiwa, nawa mikono kwanza, usisugue jicho, vaa kinga usiku, na maji ya kuogea yasiingie jichoni hadi daktari akuruhusu.

Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, kuona kunakoshuka baada ya kuwa kuzuri, vimulimuli au pazia jeusi pembeni: rudi siku hiyohiyo, hata kama miadi yako ni wiki ijayo. Ukungu unaorudi polepole baada ya miezi au miaka ni jambo jingine. Ni ukuta wa nyuma wa kifuko umefifia, na leza huutoboa kwa dakika chache bila kupasua tena.