Kipimo cha Kromosomu Kilichorudi Bila Jibu

Wiki hii mama mmoja alivuka ziwa kutoka Ukerewe hadi kliniki yangu hapa Mwanza akiwa amekwisha kuwaarifu wakwe zake kwamba mtoto aliye tumboni ana kasoro, kwa sababu tu kipimo cha damu cha kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), ambacho sampuli yake ilipelekwa nje ya nchi, kilirudi bila jibu. Nimelikuta kosa hili mara nyingi mno, na linaniuma, kwani watu hulilia jambo ambalo karatasi haikulisema.

Kipimo hiki husoma vipande vya DNA vya kondo la nyuma vilivyomo katika damu ya mama. Vikipungua chini ya takriban asilimia 4 ya vipande vyote vya DNA vilivyomo humo, maabara nyingi hazitoi jibu. Mara nyingi sababu ni uzito mkubwa wa mama, au damu kuchukuliwa kabla ya wiki ya 10. Kwa kuwa wengi wetu hukadiria tu tarehe ya hedhi ya mwisho, mimi huanza na ultrasaundi ya kuhakiki umri wa mimba.

Hata hivyo, siafiki hata kidogo wanaomwambia mama kwamba pasipo jibu hapana tatizo. Trisomia (kuzidi kwa kromosomu moja) ya 13, ya 18 na triploidi (kuzidi kwa seti nzima ya kromosomu) huweza kuambatana na kondo dogo linalotoa DNA haba, kwa hiyo kukosa jibu huongeza hatari kwa kiasi fulani bila kuthibitisha lolote, ilhali trisomia ya 21, yaani ugonjwa wa Down, ambayo ndiyo huogopwa zaidi, haina tabia hiyo.

Damu ikirudiwa, mara nyingi jibu hupatikana. Ultrasaundi ya kina hufanyika kati ya wiki ya 18 na 22, ingawa ikiwa safi haiondoi kila shaka. Kinachothibitisha ni kuchota maji ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15. Penye ugumu wa kweli ni kwa mama mwenye uzito mkubwa: akirudia anaweza kukosa jibu tena huku wiki zikipita, na nakiri kwamba sina kanuni ya kuamua nani arudie na nani aende moja kwa moja kwenye sindano, hivyo tunaamua pamoja naye.

Mama wa Ukerewe, kwa mujibu wa ultrasaundi, alitolewa damu akiwa na wiki 9. Sasa ana 12. Tumechukua nyingine, na amewapigia wakwe zake simu akiwa bado kitini kwangu.