Kibaba cha "haba na haba" ni kiasi gani hasa?

"Haba na haba hujaza kibaba" husemwa kila siku kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba, na wengi wanaoisema hawajawahi kukitia kibaba machoni. Ni kipimo cha nafaka cha pwani, na hesabu yake ni hii: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi ya mchele ilikaribia ratili 6, yaani kilo 2.7 hivi, kwa hiyo kibaba ni kama gramu 680.

Hizo ni gramu za mchele. Kibaba hupima ujazo, pungufu kidogo ya lita moja, kwa hiyo uzito hufuata kilichomo. Mahindi makavu yatakupa gramu 600 na ushee. Unga usioshindiliwa haufiki hata 500. Tena kuna kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele hurundikwa mpaka punje zianze kuporomoka pembeni. Cha mfuto hupitishiwa kijiti mdomoni, kilichozidi kikaanguka. Muuzaji akinunua kwa tele na kuuza kwa mfuto, faida yake iko kwenye kile kichuguu cha juu. Ujanja huo haujafa: umehamia kwenye kisado (kindoo cha kupimia sokoni), kwenye gorogoro la Kenya, kopo la kupimia lililobonyezwa kitako, na kwenye lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ambapo anayeumia ni mkulima.

Kibaba kimoja ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku katika misafara ya karne ya 19. Kwa hiyo methali inazungumzia chakula cha leo, punje kwa punje, mpaka chungu kiweze kuinjikwa. Kuitumia kwa akiba ya kujenga nyumba ya ghorofa kunaruhusiwa (methali hukua), ila kipimo chenyewe kilikuwa kidogo na kilikuwa na mdomo: kikijaa, kimejaa. Na kwa nini kibaba, wala si pishi? Sikiliza vina tu: haba, kibaba.

Wapo wanaoichanganya na "bandu bandu huisha gogo". Hizo zinatazamana kinyume. Ya kwanza inaongeza, ya pili inamega. Fedha inayotoka mia mia kwa vocha na soda ni bandu bandu.

Kibaba bado ki hai katika hesabu za dini. Zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila mtu, na fidia ya siku moja ya funga kwa mzee asiyeweza kufunga ni kibaba kimoja cha chakula. Siku hizi wengi hutoa fitri kwa kilo 2.5 za mchele, pungufu kidogo ya ile pishi ya kilo 2.7. Ukitaka kukijua kibaba kwa mkono wako, gawa mchele huo mafungu manne sawa, tafuta kopo ambalo fungu moja, gramu 625, linalijaza mpaka ukingoni, kisha lipitishie kijiti. Hicho ni cha mfuto.